Panorama ya Mesdag kwa kipimo cha 1:40: shajara ya kazi

Februari, kabla ya kukata mbao

Vipimo kwanza. Panorama, yaani picha kubwa inayomzunguka mtazamaji, ya mchoraji Hendrik Willem Mesdag iliyoko barabara ya Zeestraat, Den Haag, Uholanzi, ina kimo cha mita 14 na mzingo wa mita 120 hivi. Gawanya kwa 40: unabaki na karatasi ya urefu wa mita 3 na kimo cha sentimita 35. Ikunje mpaka mwisho ukutane na mwanzo, unapata pipa la kipenyo cha sentimita 95 na ushei. Mtoto akiingiza kichwa kwa chini, katikati kabisa, anazungukwa na bahari pande zote. Hicho ndicho ninachojenga kwa ajili ya maktaba ya mtaa wetu, ambayo imenipa kona moja dirishani na pesa za plaiwudi na rangi. Riziki yangu inatokana na kupaka mandhari za jukwaani, kwa hiyo msumeno na brashi havinitishi. Mesdag ndiye anayenitisha.

Kwa asiyewahi kufika pale: unaingia, unapita ujia wenye giza, unapanda ngazi, unatokea juu ya jukwaa la mviringo lenye kivuli. Mbele yako ni ufuo wa Scheveningen, kijiji cha wavuvi kando ya Den Haag, mwaka 1881. Bahari, mashua zilizopumzika mchangani, askari wa farasi, mnara wa taa, kanisa la kijiji, nyuma yako paa za Den Haag kwa mbali. Unazunguka na picha haikomi. Ukitazama juu unaona kitambaa cha mwavuli, ukitazama chini unaona mchanga wa kweli. Hakuna fremu. Turubai liko mita 14 kutoka ulipo, lakini jicho linakuambia ni kilomita kadhaa.

Watu huja kuona bahari. Mimi tangu siku ya kwanza nilitaka kujua vilikofichwa vitu vingine vyote: pindo la juu, pindo la chini, mshono, paa, taa. Shajara hii nadhani itahusu hayo zaidi.

Februari, jioni za kusoma

Kabla sijapaka wimbi lake hata moja, nataka kumjua mwenye mawimbi.

Mesdag alizaliwa Groningen tarehe 23 Februari 1831, mtoto wa mwenye benki. Akafanya kazi kwenye benki ya baba yake mpaka alipofika miaka 35. Mwaka 1856 alimwoa Sientje van Houten, binti wa mfanyabiashara wa mbao. Baba yake Sientje alipofariki, urithi ukawafikia, na mwaka 1866 Mesdag akaaga benki, akahamia Brussels kujifunza uchoraji kwa Willem Roelofs. Aliyemsaidia kufungua mlango huo ni binamu yake, Lawrence Alma-Tadema, ambaye tayari alikuwa na jina.

Hadithi hii husimuliwa kama ya mtu aliyeacha kila kitu kwa ajili ya sanaa. Sioni alichoacha. Aliacha dawati, pesa akabaki nazo. Ninachomheshimia ni kilichofuata. Majira ya kiangazi ya 1868 alikwenda kisiwa cha Norderney, huko Ujerumani, akaitazama bahari kwa mara ya kwanza kama kazi. Aliporudi alikata shauri kwamba bahari haichoreki kutoka Brussels. Mwaka 1869 familia ikahamia Den Haag, naye akapanga chumba Scheveningen chenye dirisha linalotazama maji, ili hata hali ya hewa ikichafuka aendelee kuchora. Mwaka uliofuata alipeleka Paris picha ya mawimbi ya Bahari ya Kaskazini yakivunjika, akarudi na medali ya dhahabu ya Salon, maonyesho makubwa ya sanaa ya huko. Miaka minne tu tangu aache hesabu za benki. Tangu hapo hakuhama tena: aliichora sehemu ileile ya maji karibu maisha yake yote, mpaka alipofariki tarehe 10 Julai 1915.

Mwaka 1871 mtoto wao wa pekee, Klaas, alifariki akiwa mdogo. Baada ya hapo Sientje naye alishika brashi kwa dhati: matuta ya mchanga, misitu, maua, vyombo vya nyumbani. Nimekaa na picha zake muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mume ana mkono wa nguvu na haraka, mke ana subira ya rangi. Nikiambiwa nichague moja ya kutundika sebuleni, nachagua ya mke.

Jambo la pembeni, lakini maktaba ni ya watoto na nitaliweka kwenye kibao cha maelezo: kaka yake Sientje ni Samuel van Houten, mbunge aliyeleta sheria ya 1874 iliyokataza viwanda vya Uholanzi kuajiri watoto wa chini ya miaka 12.

Machi, pipa la kioo

Tumekwenda ufuoni, mimi na mpwa wangu ambaye yuko mapumziko ya chuo. Tumebeba karatasi ngumu ya plastiki angavu, tumeikunja kuwa pipa la ukubwa wa ndoo kubwa, tumeifunga kwa tepu na kuisimamisha juu ya miguu ya kamera. Kichwa kinaingia kwa chini. Ndani nimeweka kipande cha mbao cha kuegemeza kidevu, maana jicho lisipotulia mahali pamoja, kazi yote ni bure.

Mesdag alifanya hivihivi, ila lake lilikuwa la kioo, na alisimama juu ya Seinpostduin, tuta refu la mchanga lililokuwa hapa. Akachora juu ya kioo alichokiona nje yake, pande zote, kisha mchoro huo ukakuzwa hadi kwenye turubai. Tuta lenyewe lilikuwa limeshahukumiwa. Lilikuwa linasawazishwa ili pajengwe mkahawa. Kwa hiyo panorama inaonyesha mandhari kutoka mahali ambapo leo huwezi kusimama, labda uwe ndege. Sisi tumesimama kwenye barabara ya ufukweni, chini zaidi, na tumeridhika.

Upepo wa Machi hapa hauna adabu. Pumzi yangu iliganda kwenye plastiki kila dakika, nikawa nafuta kwa mkono wa sweta na kuchora kwa maka peni kabla ukungu haujarudi. Mpwa ndiye aliyeliona jambo tulilolifuata. Nilimpa zamu, akachora ukingo wa ukuta wa barabara, ukuta ulionyooka kama reli, kisha akatoa kichwa. Tukakata tepu, tukalaza plastiki juu ya benchi.

"Mjomba, mbona ukuta umepinda?"

Ulikuwa umepinda kweli. Katikati, pale ukuta ulipokuwa karibu nasi, mstari ulishuka chini kabisa, na kuelekea kila upande ukapanda taratibu kuufuata mstari wa upeo wa macho. Nikaikunja tena plastiki, akaingiza kichwa, ukuta ukanyooka.

Ndiyo siri ya kwanza. Juu ya karatasi iliyolala, ukiacha mistari ya wima, upeo wa macho peke yake ndio unaobaki mstari mnyoofu. Ufuo, barabara, safu za nyumba, kila kingine kilichonyooka kwa ulalo lazima kichorwe kimepinda, na kila kimoja kina mpindo wake kulingana na umbali na kimo. Kukokotoa hayo kwa mkono inawezekana, lakini ni mateso. Pipa la kioo linakupindia lenyewe. Robert Barker, aliyepata hataza ya panorama mwaka 1787 akiwa Edinburgh, alikuwa na tatizo hilohilo, na kila fundi wa panorama baada yake alilazimika kulitatua kwa njia yake.

Machi, upeo wa macho uko wapi

Imenichukua siku nzima kuamua mstari mmoja.

Upeo wa bahari siku zote uko sawa na jicho lako. Ukiwa umekaa, uko pale. Ukipanda ghorofani, unapanda nao. Kwa hiyo mstari wa upeo kwenye turubai lazima ulingane na macho ya mtu aliyesimama jukwaani. Ukiwa juu mno, mtazamaji anajihisi yuko shimoni. Ukiwa chini mno, anajihisi anaelea. Kwa Mesdag watazamaji walikuwa watu wazima waliokaribiana urefu, na katika umbali wa mita 14 tofauti ya sentimita 20 haisumbui mtu. Kwangu mimi sentimita hizo ni zaidi ya nusu ya picha nzima.

Suluhisho: pipa linaning'inia kwa kimo kimoja, na ndani yake kuna tundu lenye kiegemeo cha kidevu. Mtoto mfupi atapanda kigoda, mrefu atapiga magoti. Kidevu kikigusa mbao, jicho liko penye upeo. Nimekata vigoda vitatu vya urefu tofauti kutokana na mabaki ya plaiwudi.

Aprili, nani anachora nini

Karatasi imepakwa rangi nyeupe ya maji, mistari imehamishwa. Sasa kazi imegawanywa: mpwa anachukua mji na kijiji, mimi bahari na anga.

Ndivyo na wao walivyofanya. Mwaka 1880 kampuni ya Ubelgiji ilimpa Mesdag kazi hii. Panorama zilikuwa biashara, watu walilipa kiingilio kuona vita au miji ya mbali. Yeye akasema atachora bahari ya hapo jirani. Turubai la mita za mraba 1,680 halichorwi na mtu mmoja, akaita wenzake. Théophile de Bock alishika anga na matuta. Bernard Blommers alisaidia kuchora watu. George Hendrik Breitner, kijana wa miaka 23 ambaye baadaye Amsterdam ingemjua kwa mitaa yake yenye mvua, alichora askari wa farasi ufuoni pamoja na sehemu ya kijiji. Sientje naye alikuwapo kazini. Mesdag alijiwekea bahari na mashua. Walimaliza kwa miezi michache ya 1881, na milango ikafunguliwa tarehe 1 Agosti mwaka huohuo.

Kasi hiyo si ya ajabu kwa aliyewahi kupaka mandhari ya jukwaani. Siri ni kwamba kila mtu anajua mwisho wa eneo lake, na mmoja tu ana neno la mwisho kuhusu rangi. Hapo ndipo namwona yule mtu wa benki. Alijua kuajiri, kugawa, na kufunga hesabu kwa tarehe.

Aprili, rangi ya maji

Sikutumia buluu. Nimezaliwa Mombasa, na mkono wangu bila kuambiwa unakimbilia buluu na kijani cha ndani ya mwamba. Kule kwetu mwamba unavunja mawimbi mbali, maji yanayofika ufuoni yametulia na unaona chini. Hapa hakuna mwamba. Sakafu ya bahari ni mchanga unaoteremka polepole, kwa hiyo wimbi huanza kugusa chini likiwa bado mbali, linavunjika, linajikusanya, linavunjika tena. Ndiyo maana Mesdag ana safu tatu au nne za povu moja nyuma ya nyingine, na ndiyo maana maji yake karibu na ufuo ni kahawia: wimbi linachota mchanga na kusimama nao.

Mchanganyiko niliofikia: kijivu kilichopatikana kwa nyeupe, nyeusi kidogo na hudhurungi ya udongo, kijani kilichofifia kwa maji ya mbali, karibu na ufuo naongeza rangi ya mchanga. Tumbo la wimbi, pale linapojikunja kabla ya kuanguka, ndipo peke yake penye kijani kinachong'aa, kwa sababu hapo maji ni membamba na mwanga unapita. Nimepaka wimbi moja mara nyingi mno. Kinacholiua ni povu jeupe kupita kiasi. Povu la Mesdag ukilitazama kwa karibu lina kijivu, lina manjano chafu, na weupe halisi uko kwenye mgongo wa povu tu, mguso mmoja wa brashi kavu.

Mei, mashua zisizo na mkuku

Nilimpigia simu ami yangu Lamu, fundi wa majahazi tangu ujana wake. Nilikuwa nimemtumia picha ya mashua za Scheveningen, zile ziitwazo bomschuit.

"Shikamoo ami. Umeiona picha?"

"Marahaba mwanangu. Nimeiona. Mkuku u wapi?" Alikuwa akiutafuta ule uti wa mbao wa chini ya chombo.

"Haina."

"Basi hicho si chombo. Ni kasha lenye tanga."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali la fundi: "Kikienda joshi, kuukabili upepo, ni nini kinakizuia kisichukuliwe pembeni?"

Jibu liko kwenye picha zote za Mesdag, ukijua pa kutazama. Ubavuni mwa kila mashua zinaning'inia mbao mbili pana, moja kila upande. Ile ya upande wa demani, upepo unakoelekea, huteremshwa majini na kufanya kazi ambayo mkuku ungeifanya. Ukikaribia ufuo unazipandisha zote mbili.

Na kwa nini wasiweke mkuku tu? Kwa sababu Scheveningen, kijiji cha wavuvi kwa karne nyingi, hakikuwa na bandari. Mashua ilirudi na heringi, ikaelekezwa moja kwa moja ufuoni maji yakijaa, ikakwama mchangani. Chombo chenye mkuku kingelala ubavu na kupasuka kwa wimbi la pili. Hiki kilikuwa bapa chini na kipana ajabu, urefu wake ni kama mara mbili tu ya upana, kwa hiyo kilikaa wima. Farasi walisaidia kukivuta juu, na samaki waliuzwa palepale kwenye mchanga. Ami alipoelewa hilo alibadili kauli. Akasema aliyebuni kasha hilo alikuwa na akili, ila yeye asingelala ndani yake.

Kwa mchoraji, hali hiyo ilikuwa neema. Mashua nzima, na tanga lake na nyavu zake, imekaa mbele yako mchangani kama mtu aliyekubali kuchorwa. Wake za wavuvi wanapita na vikapu. Farasi wako ndani ya maji mpaka magotini. Mesdag aliuza picha kama hizo miaka mingi na akatajirika zaidi. Kwa wavuvi ilikuwa habari nyingine. Desemba 1894 dhoruba iliingia usiku, ikaziokota mashua zilizokuwa zimepangwa ufuoni na kuzigonga moja kwa nyingine na kwenye matuta. Madai ya bandari, ambayo wavuvi walikuwa nayo siku nyingi, hayakuweza tena kupuuzwa, na bandari ilifunguliwa mwaka 1904. Baada ya hapo vyombo vyenye mkuku vilichukua nafasi, na bomschuit zikaisha. Kile kilichowafurahisha wanunuzi wa picha Paris na London kilikuwa, kwa mwenye mashua, ukosefu wa gati.

Nimeandika hilo kwenye kibao cha maelezo kwa maneno machache zaidi. Mtu wa maktaba aliuliza kama si zito kwa watoto. Nimesema watoto wanajua kukosa kitu ni nini.

Mei, macho mawili

Pipa limefungwa kwa mara ya kwanza, limetundikwa karakana. Nimeingiza kichwa. Picha iko sawa, upeo uko penye jicho, mistari imenyooka. Na haidanganyi hata kidogo. Naona karatasi iliyopakwa rangi, iko nusu mita kutoka puani mwangu.

Mpwa naye aliingia, akasema ni nzuri kwa sauti ya mtu anayemhurumia mjomba wake.

Tatizo si la brashi. Kila jicho linaona kitu cha karibu kutoka pembe tofauti kidogo, na ubongo hutumia tofauti hiyo kupima umbali. Kwa nusu mita tofauti ni kubwa, ubongo haukosei. Kwa mita 14 tofauti ni ndogo mno, na hapo unasikiliza ushahidi mwingine: ukubwa wa vitu, ukungu wa mbali, mwanga. Ukubwa wa jengo la Zeestraat haukuwa majivuno. Turubai lilisogezwa mbali ili macho mawili yakubaliane na uongo.

Nikafumba jicho moja. Bahari ikaondoka, ikaenda mbali. Mpwa akafanya hivyo, akapiga kelele ndani ya pipa.

Kwa hiyo tundu la kidevu limepata nyongeza: kibao cha kuzunguka, chenye kitundu kimoja cha kuchungulia, kinachogeuka pamoja na kichwa. Si jambo la fahari, lakini limefanya kazi kwa kila aliyejaribu, pamoja na jirani mmoja aliyeingia kuulizia kelele.

Juni, mwavuli na mchanga

Pindo la juu: nimening'iniza duara la kitambaa cheusi juu ya kichwa, pana kiasi cha kuzuia jicho lisifike ukingo wa karatasi. Pale Zeestraat mwanga unaingia kupitia paa la kioo, unapita juu ya mwavuli na kuangukia turubai, huku wewe umesimama kivulini. Picha inang'aa kuliko ulipo, kwa hiyo unaamini uko ndani unatazama nje. Kuna raha moja ambayo hakuna mchoraji anayeweza kuipaka: wingu likipita juu ya Den Haag, bahari ya 1881 inatiwa kivuli pamoja na mji.

Nilikuwa nimenunua utepe wa taa za LED. Nimeurudisha dukani. Kona ya maktaba iko dirishani, na juu ya pipa nimeweka karatasi nyembamba nyeupe inayopitisha mwanga. Siku ya mvua Scheveningen yetu itakuwa ya mvua.

Pindo la chini ni kazi ya mchanga. Nimemwaga mchanga mwembamba kwenye kisahani cha mviringo kinachozunguka tundu, nikaupandisha mpaka ufunike mwanzo wa karatasi, na rangi ya karatasi hapo nimeilinganisha na mchanga wenyewe ukiwa mkavu. Juu yake kuna kipande cha wavu wa limau na vijiti vya nyasi kavu. Kwa Mesdag ni tuta zima la mchanga, na nyavu, na vikorokoro vya ufuoni, na huwezi kusema kitu cha kweli kinaishia wapi na rangi inaanzia wapi. Nimejaribu kuukamata mpaka huo pale jukwaani nikiwa nimesimama kwa muda mpaka mlinzi akanisogelea. Nilichokiona ni kwamba mahali pa kukutana kamwe hapako wazi: kila mara kuna nyasi, au kivuli, au mgongo wa tuta umepita mbele.

Ufuoni, chini ya mwavuli mweupe, mwanamke amekaa anachora. Ni Sientje, mumewe alimweka pale. Kwa kipimo chetu ni doa jeupe dogo kuliko punje ya mchele, na mpwa ameomba alipake yeye.

Juni, Van Gogh na wenye hisa

Siku chache kabla ya kupeleka. Vibao vya maelezo vimekamilika, isipokuwa kimoja.

Mwezi uleule panorama ilipofunguliwa, Vincent van Gogh, umri miaka 28, alikuja kuiona. Alimwandikia ndugu yake Theo kwamba ni kazi ya kuheshimiwa sana, akakumbuka maneno yaliyowahi kusemwa kuhusu picha ya Rembrandt ya somo la maiti: kasoro yake pekee ni kwamba haina kasoro. Nimeisoma kauli hiyo kama sifa, nikaisoma tena kama kijembe. Kwa kumjua Van Gogh, ni yote mawili.

Kibiashara mambo hayakwenda. Kampuni ilifilisika mwaka 1886, turubai lingeweza kukatwa au kuhamishwa, kama ilivyokuwa kawaida ya panorama zilizochuja. Mesdag akainunua mwenyewe. Hapo tena benki ilisaidia bahari. Aliendelea kuigharamia na hatimaye akairithisha kwa ndugu wa ukoo, ambao warithi wao wanaimiliki hadi leo. Mkusanyiko wake mwingine, ule wa wachoraji wa Kifaransa wa Barbizon aliokuwa ameujengea nyumba kando ya makazi yake Laan van Meerdervoort, aliutoa kwa serikali mwaka 1903. Alichora bahari, lakini nyumbani alijizungushia misitu na mashamba ya Wafaransa. Nampenda kidogo zaidi kwa hilo.

Juni, mlango

Pipa lina kipenyo cha sentimita 95 na ushei. Mlango wa karakana unapitisha. Mlango wa maktaba, nimekwenda na futi yangu leo asubuhi, haupitishi.

Tumelikata nusu mbili na kutia bawaba. Hilo linaleta mishono miwili pale palipokuwa na mmoja, na mshono wima juu ya anga tupu unaonekana hata kwa jicho moja. Wa kwanza nimeushusha kwenye ukingo wa mnara wa taa, ambako mstari wima unategemewa, haukuonekana tena. Wa pili unaangukia upande wa pili, pale ufuo unapokutana na maji, na hapo hakuna kitu kirefu zaidi ya wanawake na vikapu. Mpwa alipendekeza tupake nguzo ya bendera. Nimekataa, kisha nimeifuta bomschuit moja iliyokuwa kando na kuipaka upya sentimita sita kushoto, ili mlingoti wake ukae juu ya mshono. Rangi inakauka. Kesho tunafunga bawaba na kuona kama mlingoti umenyooka.